Bia isiyopitisha mwanga haijaharibika, ionje hivi

Mkuu, umeuliza kama hiyo bia ya kiwanda kidogo kipya ni mbovu maana imechafuka kama juisi, hapana, ndo ilivyokusudiwa. Ni protini za ngano na oti zikishikana na vitu vya kwenye hopsi (maua yanayoipa bia uchungu na harufu), na mara nyingi hawaichuji kabisa. Staili yenyewe, wanaiita hazy IPA, yaani bia ya hopsi nyingi yenye ukungu, imetokea Vermont kule Marekani.

Sasa usiinywe ikiwa baridi ya kuganda, utakosa harufu na harufu ndo kila kitu hapa, itoe frijini dakika kama kumi hivi, glasi iwe safi isiwe na mafuta maana povu litakufa, mimina uache nafasi juu, halafu nusa kabla hujaonja. Utafute matunda: embe, chungwa, pasheni. Funda la kwanza usilihukumu, la pili likae mdomoni kidogo, inatakiwa iwe laini na uchungu usizidi.

Ikinukia siagi ujue waliharakisha, hamira haikupewa muda wa kumaliza kazi, na viwanda vichanga hapo ndo vinaponaswa sana. Ikikukwaruza koo tu, hopsi bado hazijatulia, mara nyingi wiki moja inatosha. Ila rangi ikienda kahawia kahawia na harufu ya boksi lililolowa, hewa imeingia, hiyo haiponi aisee.

Angalia tarehe ya kufungashwa, bia hizi hazitunzwi, nunua ya juzi juzi. Na ukikuta kasoro waambie wenyewe moja kwa moja, wachanga wanahitaji sana hayo maoni.