Binti yangu anacheza tu shuleni: nisubiri hadi lini?

SWALI: Mwalimu, shikamoo. Tunaishi Massachusetts. Binti yetu wa miaka tisa alisoma Dar hadi darasa la tatu. Tangu Septemba yuko kwenye shule isiyo na ratiba wala mitihani, mtoto anajichagulia la kufanya. Mama yake ndiye aliyeipenda. Huu ni mwezi wa nne, na kazi yake ni kucheza karata na kuchora farasi. Hesabu hajagusa. Nitajuaje kama anajifunza, na nisubiri hadi lini?

JIBU: Marahaba. Nianze na hilo la mwisho. A. S. Neill alianzisha Summerhill mwaka 1921, shule ambayo sasa iko Suffolk, Uingereza, na kuingia darasani ni hiari ya mtoto. Aliona kwamba wanaotoka shule za kawaida hukimbia masomo kwanza, na kwa wastani huchukua kama miezi mitatu kupona. Msichana mmoja aliyetoka shule ya masista alichukua miaka mitatu! Kwa hiyo miezi minne isikukoseshe usingizi.

Hilo la kujua kama anajifunza ndilo gumu, na ugumu uko kwako zaidi kuliko kwake. Akirudi jioni unamwuliza nini? Kama ni "Leo umejifunza nini?", huo ni mtihani, na watoto wanaunusa kutoka mlangoni. Chukua daftari. Kwa wiki mbili andika unachokiona tu, bila maoni: karata gani, nani anahesabu alama, ugomvi wa alama unaishaje. Weka farasi wa Septemba kando ya farasi wa juzi, tazama magoti. Sidhani kama utaendelea kusema hesabu hajagusa.

Ukishaona, nyamaza. Mimi nilimkuta mwanangu anaunda tiara, nikakimbilia kuleta kipimapembe na somo zima la pembe. Tiara ile haikuruka. Niliikuta uvunguni mwa kitanda baada ya mwezi.

Omba pia ruhusa ya kuhudhuria mkutano wa shule, kama wanaruhusu wazazi. Sudbury Valley, iliyofunguliwa Framingham, jimboni kwenu, mwaka 1968, ndiyo mama wa shule nyingi za aina hii. Pale mwanafunzi ana kura moja na mfanyakazi ana kura moja, na kura hizo ndizo zinazoamua kanuni, matumizi ya fedha, hata mfanyakazi gani abaki mwaka ujao. Mtoto wa miaka tisa akisimama kujitetea mbele ya wenzake kwa hoja, hilo nalo liandike.

Lakini kumwamini si kufumba macho. Akitaka kusoma na herufi zikamshinda kila mara, au akikunja uso akitazama mbali, mpeleke akapimwe macho, masikio na disleksia, yaani ugumu wa kusoma na kuandika usiotokana na uvivu. Uhuru hautibu hayo. Na kama mnapanga kurudi Tanzania, mwambie leo, pamoja na habari za mtihani wa taifa unaomsubiri huko. Atapangaje safari yake kama nyinyi mmeficha ramani?

Daftari lianze Jumatatu. Halafu mwombe akufundishe huo mchezo wa karata. Akikufunga, usijifanye ulimwachia.