Fundi Anajibu: Kompyuta Inayokataa Kuwaka Asubuhi

SWALI: Ndugu Fundi, salaam. Nina duka la kuchapa barua na kutoa fotokopi hapa Tororo, na kompyuta yangu ya mezani inanisumbua tangu umeme ulipokatika na kurudi ghafla. Kila asubuhi nikibonyeza swichi, feni hutikisika mara moja kisha hunyamaza. Nikiiacha kwenye soketi kwa muda mrefu, baadaye huwaka na kufanya kazi vizuri hadi jioni. Fundi mmoja amesema madabodi, yaani ule ubao mkuu wa saketi, imekufa, ninunue nyingine. Je, nimsikilize?
Mwenye duka, Tororo

JIBU: Usinunue madabodi kwanza. Madabodi iliyokufa haifufuki saa nne asubuhi ikachapa barua za watu mpaka jioni. Dalili uliyoieleza, ya kompyuta kukataa ikiwa baridi na kukubali baada ya kukaa kwenye umeme, mara nyingi hutokana na kapasita (vile vikopo vidogo vinavyotunza chaji ya umeme) zilizokauka ndani ya pawasaplai, yaani kile kisanduku kinachopokea umeme wa ukutani na kuugawa ndani ya kompyuta, hasa zile za sehemu inayotoa volti 5 za kusubiri. Sehemu hiyo hufanya kazi wakati wote plagi ikiwa ukutani, hata kompyuta ikiwa imezimwa, kwa kuwa ndiyo inayoiwezesha madabodi kutambua kwamba swichi imebonyezwa. Kwa hiyo kapasita zake hupata joto usiku na mchana na huchoka kabla ya nyingine. Huenda zilikuwa zimechoka tangu zamani, na kukatika kwa umeme kukawa ndiyo mara ya kwanza kwa muda mrefu kwao kupoa kabisa.

Hakikisha kwa mita kabla ya kufungua pawasaplai yenyewe. Ondoa ubavu wa kasha la kompyuta, acha plagi kubwa ya matundu 24 ikiwa imechomekwa kwenye madabodi, weka mita kwenye volti za DC (umeme wa mkondo mmoja, kama wa betri), kisha upenyeze ncha nyekundu kwa nyuma ya plagi hadi iguse chuma cha waya wa zambarau, na ncha nyeusi iguse waya mweusi wowote. Unapaswa kusoma kati ya volti 4.75 na 5.25. Pima asubuhi, mashine ikiwa bado baridi, maana ukipima mchana utadanganyika. Ikiwa usomaji uko chini ya hapo, au tarakimu zinashuka pale unapobonyeza swichi, kosa liko kwenye pawasaplai. Kompyuta ikishawaka, pima pia waya wa manjano, ambao unapaswa kuwa kati ya volti 11.4 na 12.6, na mwekundu, ambao una mipaka ileile ya wa zambarau.

Mafundi wengi huichomoa plagi hiyo ya matundu 24, huunganisha waya wa kijani na mweusi kwa kipande cha waya, na feni ikizunguka hutangaza kwamba pawasaplai ni nzima. Jaribio hilo lina kazi yake, lakini feni hula umeme kidogo mno kuweza kufichua udhaifu, na ndivyo madabodi nyingi zisizo na hatia zinavyohukumiwa.

Sasa kuhusu kufungua. Umeme wetu wa volti 240 ukishageuzwa kuwa DC, kapasita kubwa za upande wa kuingilia hubeba takriban volti 340, na zinaweza kubaki nazo hata baada ya plagi kuchomolewa. Chomoa, subiri, kisha pima kwenye miguu yake; chaji ikiwa imebaki, imalize kwa rezista (kifaa cha kupunguza mkondo wa umeme) ya omu 10,000 yenye wati 5 iliyoshikwa kwa koleo lenye mpini wa plastiki, halafu upime tena. Usiunganishe miguu hiyo kwa bisibisi. Kama hujawahi kushika mambo haya, mpelekee fundi wa televisheni, kwa sababu pawasaplai za televisheni hufanya kazi kwa kanuni ileile.

Tazama vichwa vya kapasita ndogo: kilicho kizima ni bapa, kilichoharibika kimevimba kwenye ule mkato wa msalaba, au kimetoa utomvu wa kahawia. Usiuchanganye utomvu huo na gundi ya kiwandani, ambayo nayo hugeuka kahawia kwa joto. Ile ndogo iliyo karibu na trafo ya volti za kusubiri, mara nyingi ya mikrofaradi 22 au 47, inaweza kukauka bila kuvimba, kwa hiyo ibadilishe hata ikionekana nzuri. Weka ya mikrofaradi zilezile, volti zilezile au zaidi, ya kustahimili joto la nyuzi 105, na uangalie ule mstari unaoonyesha mguu wa hasi. Ukikuta fyuzi imekatika, hilo ni tatizo jingine: kuna kitu kimeshoti, na anayeziba nafasi ya fyuzi kwa uzi wa shaba anatafuta moto wa nyumba.

SWALI: Ndugu yangu alinitumia kompyuta kutoka Marekani. Nilipoichomeka ililia kwa mlipuko na moshi ukatoka nyuma. Kuna swichi ndogo nyekundu iliyoandikwa 115. Je, yote imeungua?
Msomaji, Arua

JIBU: Huenda si yote. Swichi ikiwa kwenye 115, saketi ya kuingilia huongeza umeme maradufu, na kila moja ya kapasita mbili kubwa, ambazo kwa kawaida zimetengenezwa kwa volti 200, hupata takriban 340. Baadhi ya pawasaplai zina varista, vifaa vya kinga dhidi ya volti zilizozidi, zinazojitoa mhanga na kukata fyuzi. Hapo kubadilisha varista, fyuzi na kapasita hizo mbili kunaweza kutosha. Transista kubwa zikiwa zimeungua pia, nunua pawasaplai nyingine. Madabodi na diski mara nyingi hunusurika, kwa hiyo vijaribu kwa pawasaplai ya kuazima, na kabla ya kuichomeka uhakikishe kwamba swichi yake, kama inayo, iko kwenye 230.