Kwa mnaoanza kemia: jedwali la elementi msilikariri, lisomeni

Wadogo zangu mnaoanza kemia, kuna kitu ningeambiwa mapema kingeniokolea muda mwingi sana. Mimi nilikariri elementi 20 za mwanzo kama kasuku, haidrojeni heli lithi berili, naimba asubuhi naimba usiku, siku ya mtihani swali likaja eleza kwa nini potasiamu ni kali (yaani inamenyuka kwa nguvu) kuliko sodiamu, nikabaki naiangalia karatasi tu, majina yote ninayo kichwani ila jibu sina.

Cha kuangalia ni elementi imekaa wapi. Kwenye makundi makuu, kundi (safu ya wima) linakwambia ganda la nje la atomu lina elektroni ngapi, periodi (mstari wa mlalo) inakwambia maganda yako mangapi. Sodiamu ni namba 11, elektroni zake 2, 8, 1, ile moja ya nje inaitoa ili ibaki na ganda lililojaa. Potasiamu ni 2, 8, 8, 1, ya mwisho iko mbali zaidi na kiini, maganda ya ndani yanaikinga, basi inachomoka kirahisi zaidi. Swali langu lote lilikuwa hapo! Ukihamia kulia klorini ni 2, 8, 7, inahitaji moja tu ijae kwa hiyo yenyewe inapokonya, na huko mambo yanageuka, kwenye kundi hilo wa juu ndo mkali, florini inaizidi klorini.

Ukishashika hilo sifa zingine zinakuja zenyewe. Metali inapitisha umeme kwa sababu elektroni zake za nje zinatembea huru, na ukiigonga inabonyea na kuwa bapa maana atomu zinateleza bila kuachiana. Salfa ukiigonga inasagika unga.

Na praktiko msizikose jamani, hasa siku ya sodiamu. Inatunzwa ndani ya mafuta, mwalimu anaitoa kwa koleo (kwa mkono kamwe!), anaikata kwa kisu cha kawaida kabisa, ndani inang'aa kama fedha halafu hapo hapo unaiona inafifia inakuwa kijivu, imeshashikana na oksijeni na unyevu wa hewa. Tumezoea kuambiwa metali ni ngumu na nzito, hii inakatika kwa kisu na inaelea juu ya maji. Utepe wa magnesi nao ukwangue kwa msasa kwanza, ule ukijivu ni oksaidi, na ukiwaka usiukodolee macho. Majivu yake meupe ukiyatia majini litmasi nyekundu (karatasi ya kupimia asidi na besi) inaenda bluu, ila gesi ya salfa inayoungua inaigeuza litmasi ya bluu iliyolowa kuwa nyekundu. Oksaidi za metali nyingi ni besi, za simetali (elementi zisizo metali) nyingi ni asidi, ila ya alumini inamenyuka na asidi na besi pia, hapo wengi wanapoteza maksi.

Zile zinazoenda kinyume zipeni muda. Zebaki ni metali na ni kimiminika, inaganda kwenye nyuzi -39. Grafiti ni kaboni, simetali kabisa, lakini unga risi ya penseli kwenye betri na kibalbu kidogo uone, kinawaka, maana kila atomu imefunga elektroni 3 kati ya 4 na iliyobaki inatembea. Kwenye almasi zote 4 zimefungwa, umeme haupiti, na ni kaboni ile ile.

Alama kama Na na Fe zisikusumbue, ni Kilatini, natrium na ferrum, utazizoea.

Mwaka 1869 Mendeleev, mkemia wa Urusi, alipopanga jedwali lake aliacha nafasi wazi za elementi ambazo hazijaonekana. Gali, moja ya hizo, ilipopatikana 1875 aliyeigundua alipima uzito wake akapata gramu 4.7 kwa sentimita moja ya ujazo, Mendeleev akasema hapana, inatakiwa iwe karibu 5.9, ikasafishwa ikapimwa upya, kweli ikaja 5.9. Na elektroni zilikuwa bado hazijulikani!

Jaribuni na nyie. Chukua rubidi, namba 37, kabla hujafungua kitabu tafuta tu imekaa wapi halafu andika unadhani ni laini au ngumu, ikitiwa majini itafanyaje, oksaidi yake litmasi itaenda rangi gani, ndo uende ukasome.