"Ile hela tuma kwenye namba hii": meseji zimenichosha, nifanyeje?

SWALI: Habari za kazi kaka. Mi nauza dagaa hapa Kibirizi, Kigoma, namba yangu nimeiandika mpaka kwenye viroba manake wateja wengine wako Tabora na Dar. Sasa shida ni meseji, kwa siku zinaingia tano sita, mara "ile hela tuma kwenye namba hii", mara mganga, mara mkopo bila dhamana, nikibloku moja kesho inakuja na namba nyingine. Juzi alfajiri imeingia moja wakati ndo nataka kumlipa mwenye mtumbwi, kidogo tu niitume huko. Nibadilishe laini au?
Muuza dagaa, Kibirizi

JIBU: Pole sana dada, na nashukuru ulishtuka mapema. Laini usibadilishe. Hiyo namba ndo duka lako, ukiitupa umepoteza wateja wewe, matapeli hawana cha kupoteza, manake wengi wao hata hawakujui. Wanarusha meseji kwa namba kibao, nyingine wanafuatanisha tu tarakimu. Isome tena uone: haitaji jina lako, haisemi hela ya nini wala shilingi ngapi. Ni kama taa za wavuvi wenu usiku ziwani, haziiti dagaa yeyote kwa jina, zinawaka tu na anayepita karibu anasogea. Wewe ulikuwa na hela mkononi na mtu wa kumlipa, ndo maana meseji ikafanana na ukweli.

Kubloku endelea, ila inakuzuilia namba ile moja tu na yule jamaa anabaki kuwasumbua wengine. Kabla hujafuta, ifowadi kwenda 15040, namba ya kuripoti meseji za utapeli, ni bure, utajibiwa uandike namba iliyokutumia, unaiandika, basi. Naomba sana usiichoke hii hatua, manake ndo inayosaidia namba za hawa watu zifungiwe. Na usijibu, hata kumtukana, najua inauma lakini ukijibu umeshamwambia kuna mtu huku anasoma. Linki ndo kabisaa, usiguse.

Kama unatumia simu janja, ingia kwenye mipangilio ya meseji utafute sehemu ya kuzuia spamu uiwashe, zitakuwa zinakaa pembeni. Ila uwe unachungulia huko, isije ikawa oda ya mteja imefichwa. Zile za matangazo na za huduma zinazokukata salio, piga 100, huduma kwa wateja wa mtandao wako, uwaambie wakuondoe.

Kitu kingine watu wanakipuuza: bonyeza *106# uone laini zilizosajiliwa kwa kitambulisho chako. Tangu usajili wa alama za vidole, tapeli anahitaji kidole cha mtu ili laini yake iwe hewani, na anakipataje? Unaenda kusajili pale barabarani, unaambiwa "haijasoma mama, weka tena", unaweka tena, kumbe ya pili ni laini nyingine. Ukikuta namba usiyoijua nenda duka la mtandao husika na kitambulisho chako ifutwe siku hiyohiyo.

Sasa hiyo ya mwenye mtumbwi ndo inaniumiza, manake shangazi yangu Tabora alituma kodi ya nyumba hivyohivyo, mwenye nyumba alikuwa amemkumbusha jana yake, asubuhi meseji ikaingia, akatuma bila kupiga simu. Jina la mtu mwingine kabisa lilitokea kwenye skrini kabla hajaweka namba ya siri ila alikuwa na haraka, akalipita. Hapo ndo pa kusimama dada, lisome jina lote taratibu hata kama mitumbwi imeshafika na watu wanagombania mzigo.

Leo ukikutana na huyo mwenye mtumbwi waambieni na wenzenu hapo mwaloni: namba ya kulipia haibadilishwi kwa meseji. Akija na namba mpya unampigia kwa ile ya zamani, mpaka usikie sauti yake mwenyewe ndo hela inatoka.