Jibu: Tuliambiwa kujifungua ni bure, mbona shemeji alipigwa makofi wodini?

Pole sana, na umpe shemeji pole zetu. Umeandika kwamba alipigwa makofi wodini alipokwenda kujifungua, ukauliza kama kuna pa kulalamika au ni "mambo ya kawaida". Pa kulalamika papo.

Agosti 2013, miezi michache baada ya serikali ya Kenya kufuta ada za kujifungua, mama mmoja alijifungulia sakafuni kwenye korido ya hospitali ya kaunti ya Bungoma. Vitanda vilikuwa vimejaa, dawa aliambiwa akanunue mwenyewe. Wauguzi walipomkuta hapo chini walimtukana na kumpiga kofi. Mtu akalirekodi tukio hilo kwa simu. Mwaka 2018 Mahakama Kuu ikaamua haki zake zilivunjwa, ikaamuru alipwe shilingi milioni 2.5 na aombwe radhi.

Bila ile video, sijui nani angemwamini. Mwenye bima nzuri huenda hospitali ya kibinafsi na huitwa "madam". Anayekuja na beseni na pamba zake ndiye anayeambiwa "ulipokuwa ukiitafuta hiyo mimba hukupiga kelele". Ni kweli muuguzi mmoja usiku huhudumia wodi nzima, lakini uchovu haumpi ruhusa ya kupiga mtu.

Kwa hiyo andikeni sasa, kabla hamjasahau: tarehe, zamu, maneno yaliyotamkwa, nani alikuwa kitanda cha pili. Hifadhini karatasi ya kuruhusiwa kutoka hospitalini. Barua iende kwa msimamizi wa hospitali, nakala kwa Baraza la Wauguzi, na nakala yenu igongwe muhuri wa kupokelewa. Mkifika kwa wakili, tajeni Ibara ya 28 (heshima ya utu) na ya 43 (haki ya afya) za Katiba ya Kenya.