Barua za Wasomaji: Zawadi za Krismasi ya 1993

SWALI: Mpendwa mwandishi wa safu hii, pokea salamu zangu kutoka Umoja. Mimi ni mtoto wa tatu katika familia ya watoto wanne. Tulilelewa katika nyumba ya kupanga mtaani Jericho, hapa Nairobi, wakati baba akiwa karani katika shirika moja la umma na mama akiuza mboga karibu na nyumbani. Mwaka huu tumekubaliana kukutana sote kwa wazazi wetu, ambao sasa wanaishi Machakos, na kaka yetu mkubwa ameanza kututumia kwa simu picha za zamani alizozipata katika bahasha ya mama. Kila picha anaifuatisha na masimulizi: baiskeli ya magurudumu matatu, suti ya kaptula, viatu vya Bata vilivyonunuliwa kila Desemba, na baba aliyekuwa mkarimu kupita wote mtaani.

Mimi simjui baba huyo. Krismasi ninayoikumbuka vizuri ni ya 1993, nilipokuwa darasa la nne. Kaka alikuwa amemaliza darasa la nane na angeingia shule ya bweni mwanzoni mwa mwaka uliofuata. Asubuhi hiyo alipewa sanduku la bati la rangi ya bluu, blanketi mbili mpya na viatu vyeusi. Mimi nilipewa atlasi na soksi za shule, na gauni nililovaa kanisani lilikuwa la dada yangu. Katika picha tuliyopigwa Uhuru Park siku iliyofuata, gauni hilo lina mstari uliopauka juu kidogo ya upindo, na mpaka leo nikiiona picha hiyo moyo hunikunja. Ni kweli kwamba miaka hiyo baba alistaafishwa mapema, lakini mapenzi hayanunuliwi. Je, nimuulize kwa nini alimpenda kaka kuliko sisi, au ninyamaze kwa kuwa amekwisha kupita miaka sabini? Na nimpelekee zawadi gani?

Mtoto wa Tatu, Umoja

JIBU: Dada yangu, nakushauri umuulize baba, ila si kwa swali hilo ulilolitunga. Ukimuuliza kwa nini alimpenda kaka kuliko ninyi, utakuwa umekwisha kumhukumu kabla hajafungua kinywa, na mzee aliyeshtakiwa mbele ya wanawe atajitetea au atanyamaza. Kwa vyovyote vile utarudi Umoja bila kujua kilichotokea katika nyumba ile. Muulize mambo yanayojibika: Desemba ile kulikuwa na mshahara au hakukuwa nao, madeni yalikuwa ya nani, nani alikwenda kununua vitu, na fedha zilitoka wapi.

Nianze na lile sanduku. Sanduku la bati, blanketi mbili na viatu vyeusi ni orodha ambayo kila mzazi aliyewahi kumpeleka mtoto kidato cha kwanza katika shule ya bweni ataitambua mara moja, kwa sababu huandikwa na shule, wala mzazi hana hiari nayo. Wazazi wengi walianza kununua mapema, kitu kimoja kimoja, hata kabla ya kujua mtoto ameitwa wapi, kwa kuwa karo ya Januari haingewaachia nafasi ya kununua lolote jingine. Wewe uliiona zawadi ya Krismasi, na huenda wazazi wako waliona mzigo wa kidato cha kwanza uliopunguzwa kidogo na kupewa sura ya sikukuu ili kaka yako afurahi. Na atlasi yako pamoja na soksi vilitoka katika hesabu hiyo hiyo ya shule. Usisahau kwamba elimu ya msingi bila malipo ilianza Januari 2003. Mwaka 1993 wazazi wa Nairobi walikuwa wakilipia shule za msingi za umma mambo mengi, na wenye watoto wanne walilipa mara nne.

Halafu mwaka wenyewe. Ninakuomba uutafakari kwa sababu watu wazima wa leo waliokuwa watoto wakati huo hukumbuka kupungukiwa bila kukumbuka sababu. Wafadhili walikuwa wamesitisha misaada Novemba 1991. Uchaguzi wa Desemba 1992 ulimwaga fedha nyingi mikononi mwa watu. Kisha mwaka 1993 bei zikapanda kwa zaidi ya asilimia 40 na shilingi ikapoteza thamani vibaya. Ni mwaka huo huo ambapo serikali ilianza mpango wa kupunguza watumishi wake, na mashirika ya umma nayo hayakusalimika. Karani aliyepata mshahara ule ule wa mwaka uliotangulia alikuwa kwa kweli amepunguziwa mshahara, na aliyepewa barua ya kustaafu mapema alipoteza zaidi ya mshahara. Waajiri wengi wa zama hizo waliandaa sherehe ya watoto wa wafanyakazi kila mwisho wa mwaka, wakagawa vitu vya kuchezea, na kumpa kila mfanyakazi unga wa ngano, sukari na mafuta ya kupikia aende navyo nyumbani. Muulize kaka yako kama ana hakika kwamba ile baiskeli ya magurudumu matatu ilinunuliwa na baba dukani. Inawezekana ilinunuliwa. Inawezekana pia ilitoka kazini, na kazi ilipokwisha, baba mkarimu wa kaka yako akaisha pamoja nayo, huku mtu mwenyewe akibaki yule yule.

Watoto wa tumbo moja hawalelewi katika nyumba moja, hata kama anwani haikubadilika. Mtoto wa kwanza humkuta baba kijana, mwenye kazi mpya na mtoto mmoja wa kuvisha. Wa tatu na wa nne huwakuta wazazi wakigawa kitu kile kile kwa vinywa sita. Ninaona kaka yako anasema kweli na wewe unasema kweli, na itakuwa hasara kubwa iwapo mkutano wenu utatumika kuamua nani kati yenu anakumbuka vibaya.

Sasa nirudi kwenye gauni. Mafundi wa wakati huo, hasa walipomshonea mtoto nguo ya sikukuu, waliacha upindo mpana kwa ndani, wakati mwingine wa upana wa kiganja, ili nguo iteremshwe mtoto anaporefuka. Upindo wa zamani ukifumuliwa, pale palipokuwa na mkunjo hubaki mstari, kwa kuwa ukingo huo ndio uliosuguliwa na kila mfuo na kila pasi, na kitambaa kilichojificha ndani hutoka kikiwa na rangi iliyokolea zaidi ya gauni lote. Huo ndio mstari unaouona katika picha. Maana yake ni kwamba kuna mtu aliyekaa na wembe au sindano akaufumua uzi mmoja mmoja, akapiga upindo mpya kwa kipimo chako wewe, akaunyoosha kwa pasi kabla ya kanisa. Sisemi kwamba kazi hiyo inafuta uchungu wa kuvaa nguo ya dada siku ambayo watoto wa jirani wamevaa mpya. Nimewaona watu wazima wenye nyumba na magari wakilia kwa sababu ya nguo kama hiyo. Ninasema tu kwamba kabla ya kuiita ishara ya kusahauliwa, ni haki umjue aliyeishona.

Mtu huyo, kwa kukisia, ni mama yako, na barua yako imemtaja mara mbili tu: alipokuwa akiuza mboga, na kama mwenye bahasha ya picha. Hapo ndipo ninapokusihi uelekeze nguvu zako. Wanawake wengi wa mitaa ya Mashariki mwa jiji walikuwa katika vyama vya kuchangiana, na walipanga zamu ili fedha zitoke karibu na Desemba. Viatu na vitambaa vingi ambavyo watoto walidhani vimenunuliwa na baba vilitoka katika chama cha mama, na akina mama waliacha sifa ziende kwa baba kwa ajili ya heshima ya nyumba. Mama ndiye anayejua ni kiasi gani kilikuwa kimeandikwa katika daftari la mwenye duka. Tena ndiye anayejua vilivyotoka nje ya nyumba: nauli ya familia nzima kutoka kituo cha mabasi kiitwacho Machakos, hapa Nairobi, ambayo hupandishwa kila Desemba, na furushi la kupeleka mashambani, yaani sukari, majani ya chai, mikate, mche wa sabuni na leso ya bibi. Katika nyumba nyingi furushi hilo liligharimu kuliko nguo za watoto wote, na hakuna mtoto aliyelihesabu kama zawadi ya Krismasi kwa kuwa halikufunguliwa mbele yake.

Kuna jambo moja ambalo sitalifunika. Katika miaka hiyo zipo nyumba nyingi zilizomtanguliza mtoto wa kiume katika karo, na mabinti wakaambiwa wangoje. Ikiwa wewe na dada yako mlikatiziwa masomo ili kaka aendelee, basi una swali la haki na zito kuliko la gauni, na unastahili jibu. Liulize kwa jina lake: "Baba, mwaka fulani karo yangu ilikosekana na ya kaka ikapatikana, mliamua vipi?" Mzee anaweza kulijibu swali hilo. Huenda jibu lisikupendeze, lakini litakuwa jibu.

Kuhusu wakati, usiyaseme haya siku ya Krismasi yenyewe, mezani, mbele ya wajukuu na wakwe. Fika siku moja mapema ukiweza. Keti na mama kwanza, ukimsaidia kuchambua mchele au kukanda unga wa chapati, na mwambie alete bahasha. Picha hufungua kinywa kuliko swali. Kisha mkalishe baba, picha zikiwa mkononi, umwache aanze na yoyote aitakayo.

Na zile picha zenyewe zishughulikiwe. Kila mmoja aandikwe jina lake nyuma kwa penseli laini, pamoja na mahali na mwaka, maana kalamu ya wino huacha alama upande wa mbele na wino huweza kuvuja. Msizibandike kwa gundi, na msikubali zifunikwe kwa plastiki ya moto kama vyeti, kwa sababu kazi hiyo haitenduliwi. Zipigwe nakala za kompyuta zenye ubora wa juu, kila mtoto apate zake, na za asili zibaki kwa mama.

Umeuliza zawadi. Kabla ya kununua chochote, tazama tena picha za kaka yako kwa mpangilio wa miaka na uangalie baba amevaa nini. Ikiwa koti ni moja miaka mitano mfululizo, basi umepata zawadi yake: mwombe mama akupe vipimo kwa siri, nenda Biashara Street ukachague kitambaa kizuri, na umpe fundi hodari amshonee koti jipya. Blanketi na redio wataleta wengine.

SWALI: Mwanangu, mimi ni bibi wa wajukuu saba, mkazi wa Majengo, Pumwani. Zamani siku ya Idi watoto walivaa nguo mpya, wakapita nyumba kwa nyumba wakituamkia, nasi tukawapa mkono wa Idi, sarafu ya shilingi moja au tano, wakakimbilia sambusa na sharubati. Sasa mwanangu anayeishi South C ananitaka nitume fedha kwa simu, mkewe awagawie watoto. Nikikataa nitakuwa mkaidi?

Bibi wa Majengo

JIBU: Shikamoo Bibi. Hutakuwa mkaidi hata kidogo. Zakatul-fitri, ile sadaka ya mwisho wa Ramadhani, ni wajibu wenye wakati wake, hutolewa kabla ya sala ya Idi, na ukiituma kwa simu kwa wanaoigawa kwa maskini hakuna ubaya. Mkono wa Idi ni kitu kingine: ni mapenzi, na sehemu kubwa ya mapenzi hayo ni kule kuja, kuamkia na kupokea. Mtoto akipewa noti na mama yake sebuleni South C, ataihesabu kuwa ya mama yake, hata akiambiwa mara ngapi kwamba imetoka kwa Bibi.

Kutoka South C hadi Pumwani si safari ya kumshinda mwanao. Mwambie awalete baada ya sala, au siku ya pili, au hata wikendi inayofuata, na kwamba noti zao utawawekea mpaka wafike. Zitafute mpya benki mapema, za shilingi 50 na 100, kabla foleni hazijawa ndefu, na uwape walio rika moja sawasawa, kwa maana watoto hulinganisha wakiwa bado mlangoni. Kwa mjukuu aliye mbali kweli, Mombasa au ng'ambo, tumia simu bila wasiwasi. Ila mpigie kwanza, zungumza na mtoto mwenyewe na umtajie kiasi chake, ili mama yake asibaki na kazi ya kukisia nani apewe ngapi.