NDAA Ikisainiwa, Usiagize Kitu

Wadogo zangu mnaoanza kazi kwenye kampuni za ulinzi huku Marekani, kila Disemba mnanipandisha presha. Wino wa rais haujakauka kwenye NDAA, ile sheria ya kila mwaka ya kuidhinisha mipango ya ulinzi, tayari mtu katupia ukurasa wa jedwali lake kwenye kundi: "Kaka, mradi wetu umo!" Umo, ndiyo. Sasa tulieni.

1. NDAA inaidhinisha, hailipi. Pesa hutoka kwenye sheria ya matumizi, ambayo inaandikwa na kamati nyingine kabisa. Najua mmelisoma hilo. Hata mimi nilikuwa nimelisoma. Disemba 2023 nikafungua kifungu cha 4201, jedwali la pesa za utafiti na majaribio, nikashuka na kidole mstari kwa mstari hadi kwenye namba ya mradi wetu, yenye 0603 mwanzoni na A ya jeshi la nchi kavu mwishoni. Safu moja ina kilichoombwa, ya pili kilichoidhinishwa, na hiyo ya pili ilikuwa nono zaidi. Nikamwambia bosi pesa imetoka. Kwa mdomo wangu huu. Tukakodi chemba ya kupimia vihisi, tukalipa arbuni isiyorudi, nikamshawishi fundi mmoja aache kazi yake nzuri Ohio. Wakati huo serikali inaendeshwa kwa CR, sheria ya muda inayoendeleza matumizi ya mwaka uliopita, tangu mwaka wa fedha uanze 1 Oktoba, na chini ya CR mradi mpya hauanzi hata Bunge zima liwe linaupenda. Wetu ulikuwa mpya. Sheria ya matumizi ya ulinzi ilikuja kusainiwa 23 Machi 2024. Katikati hapo, kila Jumatatu fundi ananiuliza kwa upole, "Leo tunapima nini?" Laiti angenitukana. Nikampa kazi ya kupanga nyaya. Akazipanga kwa rangi, zilipoisha akazipanga upya kwa urefu. Na pesa zilipofika, hazikuwa zile za safu nono.

2. Pesa za utafiti na majaribio mna miaka 2 ya kuzifungia mikataba. Msizikalie.

3. Someni na ripoti ya kamati ya Bunge inayoambatana na muswada. Masharti mengi yamejificha humo.

4. Mkibahatika kufikia hatua ya kukaguliwa na ofisi ya Pentagon inayosimamia majaribio ya silaha, DOT&E, toeni data zote, mbovu zikitangulia. Bunge liliunda ofisi hiyo mwaka 1983 kwa sababu muuzaji hawezi kujisahihishia mtihani.

5. ITAR, kanuni za Marekani za kudhibiti usafirishaji wa silaha na michoro yake nje ya nchi. Kama huna uraia wala kadi ya kijani, usifungue michoro yetu, hata kama mwenye nayo mnakula meza moja. Kumwonyesha mgeni kunahesabiwa kama kusafirisha nje ya nchi, hata akiwa Virginia. Sasa kuna kijana wetu, fundi hodari kweli, alimpigia mjomba wake Mombasa kwa video ili amwonyeshe "anachotengeneza". Kamera ikawa inageuka kuelekea skrini, mtandao wa mjomba ukakatika. Mjomba akapiga tena. Nilipokea mimi, tukaongea habari za samaki.